Kumfuata Mama Mkubwa kwa Pikapu Inayokohoa

Kila nikitoka msikitini kuna mtu ananishika mkono: "Swaleh, ilikuwaje siku ile? Twasikia mlilala njiani." Hatukulala njiani. Nimechoka kuhadithia kipande kipande, kila mmoja akiondoka na hadithi yake tofauti, kwa hivyo naandika mara moja, mpeane nyinyi kwa nyinyi. Nawaonya mapema kwamba siku ile nilikuwa na hasira, na nyingine bado ninazo.

Likoni, baada ya alfajiri

Pikapu yangu mnaijua. Ni ile ya marehemu baba, ya kabureta, rangi ya buluu imebaki milangoni tu, na kazi yake ni kubeba mchanga na mbao za watu. Mama yangu, Bi Zuhura, pia mnamjua. Labda msilolijua ni kwamba yeye na dada yake, Mama Mkubwa Rukia wa Mwakirunge, walikuwa hawajasemezana miaka minne. Nyanya alipofariki, mama alikwenda na pikapu hii hii akachukua cherehani ya miguu ya nyanya bila kumuuliza mtu. Ni cherehani ambayo wote wawili walijifunzia kushona. Mama Mkubwa alimwambia neno moja, mama akamjibu kwa mawili, na wakaachana hapo.

Sasa Mama Mkubwa alikuwa anakwenda Hija. Mtu akienda Hija huzunguka kwa jamaa na majirani kutaka radhi, asiende na kinyongo cha mtu kifuani wala asimwachie mtu kinyongo. Mama Mkubwa alizunguka kote, kwetu hakuja. Mama alingoja hadi siku ya safari yenyewe. Alfajiri akanigongea mlango.

"Swaleh! Nitilia cherehani garini. N'nakwenda kumrudishia mwenyewe."

"Tumpigie simu kwanza, mama, tujue anaondoka saa ngapi."

"Radhi haiombwi kwa simu. Wala usimpigie kwa siri, n'takujua."

Ndege ilikuwa ya jioni, na Mwakirunge si mbali kwa mwenye gari zima. Nikafungua boneti nitazame maji na oili, nikaiacha wazi nikaenda kuita majirani wawili wanisaidie kunyanyua cherehani, maana miguu yake ni chuma kitupu. Niliporudi mama alikuwa amesimama mbele ya gari, midomo yaenda kwa dua. Nikaitikia amin, nikafunga boneti.

Kivukoni

Foleni ya kivuko siwahadithii, mnaipanga kila siku. Tulivuka salama, mama ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Balaa lilianza upande wa pili, pale pa kupanda kutoka majini. Nilikanyaga mafuta, injini ikajibu kwa kikohozi. Nikakanyaga tena. Gari zima likatetema hadi cherehani ikagonga bodi nyuma.

Kwa asiyejua magari: injini yangu ina silinda nne, na kila moja hungoja zamu yake ya kupata moto. Moja ikikosa moto, tatu zinabeba mzigo wa mwenzao, gari linakohoa na nguvu zinakwisha. Mafundi husema gari linamisi. Langu lilimisi katikati ya mwinuko, mbele ya malori na watu mia kidogo waendao kazini, likazima.

Honi zikapigwa zote kwa pamoja. Mwenye mkokoteni wa unga akanipita, akageuka kwa makusudi kunipa ushauri.

"Mzee, hiyo peleka Ngomeni, ikawekwe na mizinga!"

Nilifungua mlango nimfuate. Mama akanishika kanzu. "Usimjibu. Leo hatujibu mtu." Watu watatu wakatusukuma hadi juu, mmoja akinifundisha njia nzima jinsi ya kukanyaga klachi. Naendesha gari tangu yeye hajazaliwa. Nilimshukuru kwa meno yaliyobanana.

Kongowea

Tulivuka daraja la Nyali tukikohoa, tukaingia bara la Kisauni, na kwenye barabara ya sokoni Kongowea nikaona fundi ameketi juu ya tairi. Nasema fundi kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi. Sijui kigezo kingine.

"Plagi," alisema kabla sijazima injini.

"Hujaifungua."

"Nimeisikia."

Alizitoa, akanionyesha weusi wake kana kwamba mimi ndiye niliyezipaka. Zilikuwa nyeusi kweli, sikatai, lakini hata mimi huwa mweusi na sikohoi. Akamtuma mtu dukani. Mtu akaja na plagi fupi. Akarudishwa, akaja na ndefu lakini tatu. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, jua limeshapanda, nikimlaani kila aliyewahi kuuza plagi duniani. Niliporudi nikamkuta mama amemfunulia fundi kikapu chake cha chakula cha njiani, na huyo mharibifu wa siku yangu anakula mahamri yangu kwa mbaazi zangu.

"Keti ule," mama akaniambia. "Mtu hakasiriki na tumbo tupu akapata la maana."

Nilikula nimesimama. Fundi akafunga plagi, akapiga stata, na injini ikanguruma vizuri, laini, bila kikohozi. Nikaona haya kidogo kwa niliyomwazia. Akaizima na kusema tuache boneti wazi ipoe huku yeye akinawa mikono. Nami nikaenda kunawa. Niliporudi mama alikuwa ndio anafunga mkoba wake mbele ya gari. Nilisikia harufu ya marashi ya mawaridi, nikadhani ni nguo zake.

Tulikwenda vizuri hadi Kiembeni. Baada ya Kiembeni injini ikakohoa mara moja, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kisha ikasahau adabu.

Maneno niliyomwambia yule fundi wa Kongowea, ambaye hakuwepo kuyasikia, mama aliyafunika kwa kusoma Yasini kwa sauti.

Mwakirunge

Barabara ya Mwakirunge ina malori ya machimbo ya mawe, na kila lori linalokupita linakuachia vumbi lake ulile. Tulitambaa. Waendao kwa miguu walitupita wakitusalimu, kisha tukawakuta tena wamekaa wanapumzika. Tulifika kwa Mama Mkubwa saa saba na nusu. Mikeka ilikuwa bado imetandikwa uani, na jirani yake, mama wa Kigiriama aitwaye Mama Kadzo, alikuwa anaosha sufuria za pilau.

"Wameondoka na dufu zao, sasa hivi tu," akasema. "Wameenda uwanja wa ndege. Mngefika mapema kidogo!"

Niligonga usukani kwa ngumi, ukanirudishia maumivu. Mapema kidogo! Tungefika saa tatu! Mama Kadzo akatoa simu yake ampigie. Mama akamwekea mkono juu ya simu.

"Wacha, mwanangu. N'tamwona."

Akatuletea pilau la makombo, tamu kuliko mapilau ya watu wanaojisifu. Nilikuwa na tonge la pili mkononi nilipoona mtu amepanda nyuma ya pikapu yangu. Amempindua pindua nyanya wa watu, maana ile cherehani kwangu ni nyanya mwenyewe, anaigonga miguu kwa nyundo ndogo asikie ni chuma gani.

"Hii nzito!" akaniitia kwa furaha. "Mnaenda jaani kuuza? Nichukue mimi hapa hapa, msijisumbue."

Kule karibu na jaa la taka la mji watu wengi hufanya biashara ya vyuma chakavu, na mtu aliyejaa vumbi na gari lililochoka na chuma cha kale nyuma, wangemdhania nani? Sasa naliona hilo. Wakati ule sikuliona. Nilimteremsha kwa maneno ambayo Mama Kadzo aliyaziba kwa kugonga mwiko kwenye sufuria. Mama naye, aliyesema leo hatujibu mtu, alisimama akamwambia: "Hii imeshona kanzu za watu waliokuzidi heshima!" Yule mtu akaomba msamaha, na ili kutufurahisha akaenda kutuitia fundi wa malori ya machimbo.

Huyu alikuwa na dawa moja, petroli chafu. Akafungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo, akatema mate. Kwa vile mikono ilishaingia, akachomoa na waya zote nne za plagi kwa mpigo ili azifute. Akazifuta vizuri sana. Akazirudisha kwa kubahatisha.

Nilipiga stata. Gari likatoa mshindo hadi mbuzi wa Mama Kadzo wakaruka ua, na kuku mmoja mpaka tunaondoka alikuwa hajaonekana.

"Umechanganya waya!" nikapiga kelele. "Kila waya una zamu yake!"

"Waya ni waya, mzee. Zote zinapeleka moto."

Nikamsogeza kwa bega. Marehemu baba alinifundisha zamu za injini ile nikiwa nasoma darasa la tatu, akanikaririsha kuliko hesabu za shule: moja, tatu, nne, mbili. Nikazipanga mwenyewe. Injini ikawaka, ikatulia. Nikaizima, nikaiacha wazi ipoe, nikaenda kuswali adhuhuri uani. Mama alikuwa ameshaswali zamani. Alibaki na gari.

Changamwe

Mnaweza kubashiri. Tulirudi njia yote ile, Kisauni hadi daraja la Nyali, tukakata kisiwa hadi Makupa, injini inakohoa kila mwinuko, na kila ikikohoa nami natukana na mama anasoma. Saa tisa na robo ikazima katika mwinuko wa Changamwe. Uwanja wa ndege uko pale pale, hata ndege nilikuwa naziona zikishuka. Mahujaji wangeingizwa ndani baada ya alasiri. Wakiingia, basi.

Nilimwambia mama tuite tuktuk, cherehani tuiache kwa mtu. Akakataa. Alikuwa anarudisha cherehani, si kwenda kupunga mkono.

Kando ya barabara palikuwa na gereji ya bati, na mwenyewe akatoka akijifuta mikono, Mkamba mmoja mpole aitwaye Mutua. Nilimwendea nikifoka tangu mbali, nikimhesabia plagi, kabureta, waya, mafundi majambazi wa mji mzima.

"Mzee," akasema, "kwanza nyamaza nisikie injini."

Hakuna mtu aliyeniambia hivyo siku nzima. Nikanyamaza. Akapiga stata, ikawaka kwa shida, inatetema. Akachukua kitambaa kikavu, akachomoa waya wa plagi ya kwanza peke yake. Injini ikazidi kuyumba. Akarudisha. "Hii inafanya kazi." Akachomoa wa pili. Hakuna kilichobadilika. "Hii imelala." Wa tatu, hakuna kilichobadilika. Wa nne, ikayumba. Basi silinda mbili zilikuwa hazipati moto, na plagi zake ni mpya. Akanionyesha mipira ya kuzibia waya hizo, imekauka na kupasuka kwa uzee na chumvi ya pwani. Kisha akabandua vishikizo viwili na kuinua kifuniko cha distributa, kile kikombe cheusi cha plastiki ambacho moto unapita ndani yake kugawiwa plagi.

Akakitazama. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii kitu iko na maji ndani," akasema taratibu. "Na hayo maji yananukia. Ni nani amemwagia gari perfume?"

Nikakichukua. Ndani kulikuwa na unyevu wa rangi ya manjano, na mstari mweusi mwembamba kama unywele umeunguzwa kutoka tundu la pili hadi la tatu. Moto ulikuwa unafuata njia hiyo ya maji badala ya kwenda kwenye plagi. Nami nikanusa. Marashi ya mawaridi, na zafarani.

Niligeuka. Mama alikuwa ameketi garini, mlango wazi, na mkononi ameshika chupa. Si marashi matupu. Lilikuwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa kwa marashi. Mtu hulinywa, au hunyunyizia mlango, au mtoto. Mama yangu alikuwa analinyunyizia injini. Alfajiri Likoni, Kongowea nikinawa, Mwakirunge nikiswali. Kila injini ilipopona na kukauka, yeye aliibariki ikaugua tena.

Sasa nitawaambia jambo ambalo mngelisikia kwa wengine. Nilimfokea mama yangu barabarani. Nilimfokea kwa sauti hadi wauza machungwa ng'ambo ya pili wakaacha kuuza. Nilimwambia amenipotezea siku, amenifedhehesha mji mzima, amejikosesha radhi kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba kombe halitengenezi gari. Niliyasema yote hayo, mimi.

Alingoja nimalize.

"Sikujua kama n'naidhuru, wallahi," akasema. "Lakini sikiza. Naogopa kufika, Swaleh. Akinikataa mbele za watu n'takwenda wapi? Kila gari ilipozima, roho yangu ilitulia kidogo. Halafu nikaona haya kwa kule kutulia, nikaamka nikaiombea gari tena."

Mutua alinitia kitambaa mkononi.

"Mama ni mama, mzee. Shika hii, kausha hapo. Saa inakimbia."

Nikakausha. Yeye akakwangua ule mstari mweusi kwa ncha ya kisu, akapitisha msasa mwembamba, akapuliza, akafunga mipira kwa utepe wa umeme. Akapiga stata. Injini ilinguruma kama zama za baba. Akafunga boneti mwenyewe, akaiegemea, akamtazama mama kwa heshima zote.

"Hii isifunguliwe tena leo, sawa mama?"

"Sawa, baba," mama akasema.

Uwanja wa ndege

Mahujaji walishapanga mstari mlangoni na sare zao, jamaa wanapiga dufu, watu wanalia na kupiga picha. Nilimtafuta Mama Mkubwa kwenye mstari, hayumo. Mama alikuwa anashuka garini polepole sana, na nikajua anatamani tusimpate.

Alikuwa kando, ameketi juu ya sanduku lake, fimbo mapajani, uso kauelekeza barabarani. Kiongozi wa msafara alikuwa amemwinamia anambembeleza aingie. "Nina mtu," nilimsikia akisema. "N'shakwambia nina mtu."

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mama.

"Umechelewa, Zuhura."

"Gari," mama akasema.

"Miaka minne, gari?"

Dufu zilikuwa zinapigwa, lakini sikuzisikia. Mama alifungua mdomo, hayakutoka yale aliyoyapanga tangu Likoni. Akafungua mkoba, akatoa ile chupa niliyoilaani kule Changamwe, akaigeuza juu ya kiganja. Yalibaki matone machache tu, mengine yote kayanywa gari langu.

Mama Mkubwa aliitazama ile chupa. Kisha akaweka fimbo chini, akateremsha ushungi kidogo, akainamisha kichwa.

"Haya, nipake," akasema. "Nimekaa hapa tangu saa nane kwa hilo, n'kijua utakuja."

Mama akampaka utosini. Ndipo wakashikana, wakaombana radhi mara tatu kila mmoja, huyu akisema nimekuwia radhi na huyu akisema nimekuwia, mpaka kiongozi akanigeukia mimi kwa macho ya kuniomba nifanye kitu. Sikufanya kitu.

Wakati wa kuingia Mama Mkubwa alipita karibu na pikapu, akaona miguu ya chuma nyuma.

"Ile yafanya nini pale?"

"N'nakurudishia."

"N'taiweka wapi, ndani ya ndege? Irudishe Likoni. Mungu akinirudisha, n'takuja kushonea huko huko kwako."

Kurudi

Injini haikukohoa hata mara moja. Nilipita Changamwe, nikashuka Makupa, nikakata mji, na mama ameshika chupa tupu mkononi. Kwenye foleni ya kivuko nikazima gari. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwa Mutua, na kama yeye alivyofanya mbele ya dada yake, nikayapoteza yote.

"Niwie radhi, mama. Kwa pale Changamwe."

Alikuwa anafunga mkoba wake. Hakuinua macho.

"N'shakuwia zamani," akasema. "Pale pale, hujamaliza hata kufoka."

Foleni ikasogea mbele yetu, na aliye nyuma akapiga honi. Sikumjibu. Nikawasha gari.